Ufunguo wa Lango la Mtaro

Mwenzangu, usicheke. Nimepewa cheo.

Nilikwenda mkutano wa mtaa kulalamika tu. Si unalijua lile lango la mtaro? Bahari ikijaa nalo liko wazi, maji yanaingia mpaka uvunguni kwa mdogo wangu. Nikamwambia diwani hata mbuzi angekumbuka kulifunga.

Akanisikiliza, mpole kabisa. Kisha akauliza ukumbi, "Nani anaafiki bibi huyu ashike ufunguo?"

Ashike ufunguo. Mimi, nisiyemaliza miezi mitatu mji mmoja, na begi langu liko mlangoni, tiketi ya Jumamosi ndani.

Nikasema, "Baba, mimi mpita njia." Akasema, "Maji yanajaa mara mbili kwa siku, bibi. Njia utapita baadaye."

Mikono juu, ukumbi mzima. Na unajua wa kwanza kunyoosha ni nani? Mdogo wangu. Wa tumbo moja. Ananitazama usoni bila hata haya.

Tukiwa njiani nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Dada, ulitaka nikuombe ubaki, halafu unikatalie?"

 

Tiketi nimeirudisha. Ngoja niende, saa kumi maji yanajaa.