Juzuu Katika Redio

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimefagia. Nimefuta vumbi la redio yote isipokuwa kifundo cha kushoto, cha sauti. Kiko palepale alipokiacha marehemu mume wangu, Bakari. Leo siku ya thelathini na nne tangu afariki. Kila alfajiri alisikiliza habari kwa sauti ya chini, nisiamke. Nilikuwa naamka. Sikumwambia.
Juu ya kifundo pameandikwa VOLUME. Neno hili nalijua. Lilikuwa kwenye vitabu vya kabati la shule, Volume One, Volume Two. Yaani juzuu. Sasa juzuu na redio wapi na wapi?

Jumatano, 6 Machi
Wifi yangu Mwanasha kaleta mihogo ya Kikoneni. Mama mkwe anakaa nami mpaka eda iishe. Ni mzito wa kusikia, na anatamani Kurani ya asubuhi redioni. Wifi akanyoosha mkono kwenye kifundo. Nikaupiga.
"Hee, wifi! Kumbe kaka aliniachia mawifi wawili, wewe na redio?"
Nikacheka, huku naona haya. Nikaifungulia redio bila kugusa kifundo. Mama akainama, akatega sikio. Hakupata hata neno.
"Haidhuru, mwanangu."
Angenikemea ingekuwa nafuu. Lakini nikikizungusha, mkono wa Bakari umeondoka.
Mwenye eda hatoki. Nimempa wifi karatasi yenye swali langu, ampelekee mwalimu jirani yake. Ana kamusi nene.

Ijumaa, 8 Machi
Jibu limekuja! Mwalimu ameandika pande zote mbili. Neno ni la Kilatini, asili yake kuzungusha, kukunja. Zamani kitabu kilikuwa kipande kirefu kilichokunjwa kama mkeka. Mkunjo mmoja, juzuu moja. Baadaye neno likawa ukubwa wa kitabu, kisha ukubwa wa kitu chochote, mwishowe ukubwa wa sauti.
Kwa hiyo sikukosea sana. Nimesoma mara tatu. Nimefurahi, halafu nikalia, kwa kuwa wa kumsimulia ni Bakari.
Wifi anasema mwalimu ameuliza kama nimeanza shule edani.

Jumapili, 10 Machi
Arobaini. Khitma. Juzuu thelathini ziligawiwa uani, kila msomaji na yake, wote wakasoma kwa pamoja. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Sauti ilijaa mpaka ukutani. Nikawaza, kumbe juzuu huwa kubwa namna hii.
Mama alikaa mlangoni kabisa. Ndiyo mara ya kwanza tangu msiba kusikia kisomo vizuri. Uso wake ulikuwa mwingine.

Jumanne, 12 Machi
Asubuhi nimefungulia redio. Mama akainama tena, sikio karibu na mbao. Nikakishika kifundo. Kilikuwa chepesi. Nilidhani kitakuwa kizito.
Nimezungusha polepole.
"Hapo, mwanangu. Basi."
Ni mbali sana na pale pa Bakari. Penseli ilikuwa mkononi mwangu. Sikuweka alama pale pake.