Kwa Dada wa Duka la Bungeni, Aliyekataa Kufuta Vikombe

Ni mwaka mmoja sasa tangu uning'inize kibao cha "Narudi sasa hivi" mlangoni mwa duka lako, dada, ukaenda kupima presha. Hukurudi. Wewe uliyekuwa hujui kuchelewa!

Tunakukumbuka chini ya ngazi za Bunge, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, na maandishi yako makubwa: DUKA LA KUMBUKUMBU. Uliuza kalamu, vikombe, na nyundo ndogo za mbao kama ya Spika. Wanafunzi wa ziara wakianza kuzigonga, ulisimama: "Kuhusu utaratibu! Anayegonga amenunua." Mheshimiwa akiomba apunguziwe, "Punguzo ni la wapiga kura, baba." Hata nyumbani, shemeji akikukatiza, aliambiwa akae asubiri zamu yake.

Anayeandika ni mdogo wako wa kipaza sauti, kwa hiyo acha niseme. Miaka tisa nilipiga kelele nje ya geti la Bunge, na miaka yote hiyo nilikuita msaliti kwa kuwauzia vikombe watu niliokuwa nikiwazomea. Hukukasirika. Uliniletea chai pale pale getini, kwenye kikombe chenye nembo ya Bunge, makusudi. "Kunywa, mwanaharakati. Koo litakukauka."

Kisha mheshimiwa wa kwetu akasimama ukumbini, akaahidi daraja. Sisi wa ng'ambo ya mto, tunaovuka viatu mkononi tangu utoto, tulishangilia. Mimi niliandika bango. Mvua ikalilamba siku ya pili. Wewe ulichapisha maneno yake kwenye vikombe, na tarehe yake: "Mvua zijazo mtavuka na viatu vyenu." Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Vikombe hivyo vikauzika kuliko vya nembo.

Mheshimiwa alipowakuta wenzake wakivinywea mkahawani, aliwaka. Akaomba Bunge liyafute maneno yale kwenye kumbukumbu. Spika akakubali. Tarishi mgeni akaambiwa apeleke agizo kwa watu wa kumbukumbu. Badala ya kwenda kwa waandishi wa taarifa za Bunge, akasoma maandishi ya mlangoni kwako, akaingia na sponji na sabuni ya unga.

"Mama, nimetumwa kufuta."

"Futa, mwanangu."

Ukamvutia kiti, ukampa na maji ya moto. Alisugua mpaka saa tisa. Vikombe vilikuwa vinang'aa, na maneno yanasomeka kutoka ngazini.

"Mama, mbona hayatoki?"

"Yamechomwa kwa moto hayo. Ya kwenye karatasi ndiyo rahisi."

Bunge zima lilicheka, isipokuwa mmoja. Ikaja barua: ndani ya siku thelathini viondoke vikombe, au uondoke wewe. Tulikusihi wote. Hata mimi, na mdomo wangu wote huu, nilisema, "Dada, vitoe tu, duka ndilo linalosomesha watoto." Ukanikata jicho ambalo bado linaniuma. Jibu lako lilikuwa mstari mmoja, nakala tunayo: "Nitavifuta siku nitakayovuka mto na viatu vyangu."

Siku ya kumi na tisa, presha ikakuchukua.

Tulikuvusha mto mabegani, maji magotini. Shemeji alitangulia na viatu vyako mkononi, kwa sababu hakujua aviweke wapi. Mheshimiwa naye alikuja kuzika, akavuka vivyo hivyo, suruali imekunjwa, soksi mfukoni, watu wote wakimtazama. Barua ile haijatajwa tena. Binti yako ndiye aliyekigeuza kile kibao chako, akafungua duka.

Hukulowa, dada. Lakini hukuvuka na viatu vyako. Kwa hiyo hatujafuta. Vikombe viko rafu ya mbele.

Unakumbukwa na mama yetu. Mumeo, fundi cherehani. Binti yako wa dukani na mdogo wake. Wifi zako wawili, wanaogombea sufuria lako kubwa hadi leo. Tarishi, ambaye siku hizi ni ndugu. Na mimi, mdogo wako wa getini, ninayenywea kikombe chako bila kukiona tena cha usaliti.

Tutakutana kaburini Jumamosi asubuhi. Wageni, vueni viatu mtoni. Mheshimiwa, karibu nawe. Chai ipo, na kikombe chako unakijua.

Daima, dada, kwetu hufutiki.