Mguu wa Hayakuhusu

Chumbi, bondeni
3 Mei 2023

Binti yangu Shufaa,

Assalaam alaykum. Habari ya uzazi wako kaniletea Sadala wa bodaboda, nikasujudu pale pale kwenye matope. Mtoto anaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo, na huo ni wa uzee. Simu haishiki huku bondeni, kwa hiyo barua atakuletea Sadala. Nasikia umempa mtoto jina langu. Arobaini ikiisha niletee somo yangu nimpakate.

Mpunga umebeba, na nguruwe wamejua. Mimi nalala juu ya dungu la kulindia shamba, chini yupo mbwa wako Hayakuhusu, uliyempa jina hilo kuwasema majirani. Amekuwa mjanja huyo! Kutwa anachechemea, mguu wa mbele wa kushoto kaukunja, hataki kuukanyagia. Nguruwe wakija anatimka nao. Nimemwambia jirani yangu Mwinjuma, huyu anajidai tu apate kulala. Nimemnyima ugali jana na leo. Njaa ni dawa ya mvivu.

Baba yako,
Mfaume

Kibiti
6 Mei 2023

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Wa alaykum salaam. Mimi sijambo, mtoto ananyonya mpaka ananimaliza. Kuna jambo lake moja nitakueleza tukionana, usitie wasiwasi.

Baba, mbwa hajui kujidai. Nimemtuma mume wangu kwa bwana mifugo, kasema mnyama anayechechemea anaumwa, hata kama halii. Nguruwe wakija damu inamchemka, anasahau maumivu. Na wewe siku ile ya nyoka chooni si ulisahau mgongo ukaruka ua? Basi mwite, ushike mguu, upapase taratibu kuanzia vidoleni kwenda juu. Tazama katikati ya vidole, tazama kucha, pekua manyoya. Huenda ni mwiba, huenda kuna kitu kimembana. Usimpe vidonge vya maumivu vya watu, vitamdhuru. Ukikuta uvimbe au pana joto, mpe Sadala amlete huku atibiwe. Na ale, baba.

Najua utasema mbwa ni najisi. Si ulitufundisha mwenyewe? Unaosha mara saba, moja kwa udongo, yamekwisha. Maji ya Rufiji hayajakauka. Ningekuja mwenyewe, lakini nimo ndani ya arobaini na mama mkwe haniachii hata kufika barazani. Mbwa huyu nimemlea kwa maziwa ya mbuzi tangu hajafumbua macho. Nakuomba.

Mwanao,
Shufaa

Chumbi, bondeni
15 Mei 2023

Binti yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa somo yangu. Hapa tunamshukuru Mungu, mpunga unaanza kupiga manjano.

Barua yako nilimsomea Mwinjuma, tukacheka mpaka dungu likatikisika. Mimi ninayesalisha watu, nishike mguu wa mbwa? Maji yapo na udongo upo, lakini midomo ya watu hainawishwi. Usinitajie paka wa mama yako wa kambo. Yule alipochechemea nilimtoa mwiba kwa meno yangu, maana paka ni wa ndani. Mbwa ni mbwa.

Hata hivyo nimemtazama. Nilimgeuza kwa fimbo. Mguu umevimba mpaka juu na unanuka. Akalia, nikamchapa anyamaze. Sasa hakimbii tena, ila mdomo bado anao. Nimemtupia kitanzi cha kamba shingoni, nimemfunga ukingoni mwa shamba wanakopita nguruwe, abweke. Kiwete naye ale kwa jasho lake.

Hujaniambia mtoto anafanana na nani.

Baba yako,
Mfaume

Kibiti
17 Mei 2023

Baba,

Shikamoo. Mfungue. Kama kumgusa hutaki, kata kamba kwa panga. Sadala amekubali kumpakia kwenye tenga, na akiulizwa atasema ni mbwa wake, wewe hutaaibika.

Mtoto anafanana na wewe, paji la uso na masikio. Baba, nina sababu ya kukusihi hivi, na si mbwa peke yake. Mfungue.

Mwanao,
Shufaa

Chumbi, bondeni
29 Mei 2023

Binti yangu,

Assalaam alaykum. Natumai hamjambo. Barua yako ilifika, nikaona mpunga kwanza, nikamwambia Sadala arudi siku nyingine.

Aliporudi kumchukua alikuta mambo yamekwisha. Lilikuja dume la nguruwe. Hayakuhusu akabweka, kisha akalia, na kamba haikumpa pa kwenda. Mimi nilikuwa juu ya dungu napiga debe kulitisha. Nishuke niliwe mimi? Kulipokucha nikamburuta kwa mti mpaka mtoni. Hapo ndipo nikaona kwenye ule mguu kuna waya, umezama nyamani, manyoya yameufunika. Nikautambua. Ni waya wangu wa breki ya baiskeli niliotegea nguruwe. Kumbe alinasa, akajing'oa, kitanzi kikabaki naye. Nimeutoa kwa ncha ya panga, nimeuosha mara saba, moja kwa udongo, na nimeutega tena. Waya mzuri kama ule siku hizi haupatikani.

Nitafutie mtoto wa mbwa mwingine, mwenye miguu minne mizima. Kiwete sitaki tena, kiwete ni mdomo wa kula tu. Na somo yangu unamleta lini?

Baba yako,
Mfaume

Kibiti
10 Juni 2023

Mzee Mfaume,

Shikamoo. Arobaini imekwisha na kanga za safari nilishazikunja. Nimezikunjua.

Mjukuu wako alizaliwa mguu wa kushoto umegeukia ndani. Kila wiki daktari anaushika, anaunyoosha kidogo kidogo, anaufunga plasta. Anasema atatembea, ila huenda akachechemea. Nilikuficha kwa kuwa nilitaka uuone ukiwa umempakata, umeshampenda. Kisha ukaniandikia habari ya mbwa, nami nikawa nasoma kila barua yako huku nimeushika mguu huu mkononi.

Waya umeuosha mara saba.

Mbwa sikuletei. Mtoto naye sikuletei. Tumembadilisha jina, sasa anaitwa Ismaily. Nimelia sana, baba, maana nilikupenda kuliko watu wote.

Ukiteleza huko bondeni ukavunjika mguu, mtume Sadala. Nitakuja niushike kwa mikono yangu miwili, hata ukiwa unanuka. Mtoto nitamwacha nyumbani.

Ni mimi,
mama wa kiwete