Mama, Safari Hii Nimeaga Kazini

Mama,

Shikamoo. Nimeacha kazi. Usishtuke, safari hii nimeaga.

Naandika nikiwa hapa Lundo, jikoni kwako, Baba amejilaza kidogo baada ya chakula. Nimeona nikueleze mwenyewe, maana mara ya kwanza habari hiyo uliipata nikiwa nimeshakaa mbele yako na begi.

Unaikumbuka siku ile. Baba alikuwa amepiga simu kwamba mkono na mguu wako wa kushoto vimekataa. Nikamtumia bosi ujumbe, "Naacha kazi, mama yangu anaumwa," nikaliacha koti jeupe juu ya meza ya kuonjea kahawa, nikapanda gari la kushuka ziwani. Nilidhani utafurahi. Ulipojua, uligeuzia uso ukutani. Baadaye ukasema, kwa mdomo ule uliokuwa umepinda kidogo, "Umetoka kwa watu bila kuaga? Kama mwizi wa kuku?" Nikasema kazi si kitu. Ukasema, "Kazi si kitu. Na watu je?"

Hukunipa nafasi mpaka nikapanda tena kwenda kazini Mbinga. Bosi wangu Mzee Osmund, uliyemwita yule bwana anayemlipa mwanangu kwa kutema, aliniacha nisimame muda mrefu. Mwishowe aliniambia niandike barua ya kutengua uamuzi wangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu mwenye mama mgonjwa huandika mengi, na yeye ule ujumbe hakuusoma vizuri. Kesho yake nilikuwa mezani na kijiko changu.

Kazi yangu hukuielewa, na nadhani ulipenda kutoielewa. Majirani wakikuuliza, uliwaambia nakunywa kahawa ya watu halafu naitema, na bado wananipa mshahara. Nikija nyumbani wakati wa msimu, ulinichemshia maharage ya peke yangu, kwa sababu usipa wa moshi, dagaa wetu wa ziwani, ungebaki ulimini, na kazini nisingeweza kutofautisha kahawa ya Mkumbi na ya kwingine. Wewe na Baba mlikula usipa wenu nyuma ya nyumba, mmejificha kama wavuta sigara. Nilikuwa nacheka. Sasa sicheki. Nilikuja kwako nikiulinda ulimi.

Ukaanza kupona. Ulitembea na fimbo mpaka kwenye mihogo. Nikasema msimu ukiisha nitaomba likizo ndefu.

Asubuhi ile simu yangu ilikuwa kwenye begi, nje ya chumba, kama utaratibu wetu ulivyo. Tulikuwa kimya, tunavuta kahawa kwa vijiko, tunatema. Nilipotoka, Baba alikuwa amepiga mpaka akachoka. Nilipompigia, aliyepokea ni jirani. Basi nikajua.

Kuna siku nakulaumu, Mama. Lazima nikuambie. Nasema ungeniacha tu nikae. Ningeonekana sina adabu, lakini ningekuwepo. Halafu nakumbuka ulivyokaa mlangoni siku niliporudi kazini, umeridhika, na hasira yangu inakosa pa kukaa.

Baada ya matanga Baba alisema anaweza kuishi peke yake. Macho yake unayajua. Nilipokuja kumtazama nilimkuta anapapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, na mkono umeungua moto. Nikajua lazima niondoke kazini, na nikaogopa kuliko mara ya kwanza. Ningemwambiaje mzee aliyeifunika aibu yangu? Wenzangu walikuwa wameshaanza kuniita Kigeugeu. Ulikuwa utani, lakini si wote waliocheka.

Nilimfuata ofisini, nikamwamkia, nikamweleza kwa mdomo kwanza. Ndipo nikampa barua. Ilikuwa fupi, ya shukrani, na notisi ya mwezi kama mkataba unavyotaka. Aliisoma yote, akavua miwani.

"Safari hii umekuja kwa miguu yako," alisema.

Akauliza kama anitunzie nafasi, pengine nitabadili mawazo tena. Nikasema, "Hapana, Mzee. Mpe mtu." Hakuna neno lililonitoka kwa shida kama hilo.

Mwezi ule nilimfundisha Gaudensia, binti wa Mkumbi, mwenye ulimi mzuri kuliko wangu. Nilimaliza sampuli zilizokuwa zimebaki, nikakabidhi funguo na koti lililofuliwa. Siku ya mwisho Mzee Osmund alinisindikiza kwa miguu mpaka stendi, begi langu begani kwake, watu wanamwamkia njia nzima na kushangaa. Ungefurahi. Na ndicho kinachoniuma, Mama. Nimeondoka kwa watu vile ulivyotaka, nikaja kwenye nyumba ambayo wewe humo tena.

Baba ameamka. Ananiita kwa jina lako kwanza, kisha kwa langu. Niishie hapa.

Pumzika, Mama. Baba niachie mimi. Nakuahidi kwamba hata nikienda kisimani tu, nitamgusa bega nimwambie naenda wapi, na nikirudi nitamwambia nimerudi. Hatakaa akiita nyumba isiyo na mtu.

Mwanao,
Teodora