Rangi ya Mlango wa Ngome

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yako yametulia kidogo tangu mvua zikatike. Wajukuu hawajambo? Yule aliyeng'oka meno ya mbele, yameota, au bado anawacheka watu kwa ufizi? Mimi ukiniuliza nitakujibu kwamba sijambo, lakini. Mapafu yamechoka. Muuguzi anayekuja asubuhi ameniagiza nipunguze kusema, nikamjibu kwamba hapa sina wa kusema naye ila yeye, na akishaondoka nanyamaza mpaka kesho yake. Alicheka. Kisha akanikaripia, kama kawaida yake, kwa kulala bila kufunga mlango.

Nikupe habari za kilimani. Tangu nistaafu kufundisha historia na kuomba kazi ya kutunza ngome, sijaona pilikapilika kama hizi. Mahandaki yamefyekwa majani, matundu ya bunduki yaliyokuwa makao ya popo yamesafishwa, na mnara wa majina umesuguliwa ukawa mweupe kama jino. Jina la mdogo wetu sasa linasomeka kutoka barabarani. Ni lile la shuleni, refu na la heshima. Mpita njia hawezi kujua kwamba nyumbani tulimwita Chiriku, kwa kuwa hakujua kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni.

Msimamizi wa ukarabati ni binti mmoja msomi, mwenye kofia ngumu na maneno laini. Aliugonga kwa ukucha ule mlango wa chuma wa ngome, akaniuliza nimeupaka rangi mara ngapi. Nikamwambia kila mwaka, kijani ileile, upande wa nje. Akanitania kwamba rangi imekuwa nene kuliko chuma chenyewe, na kwamba nimeutunza mlango kama mboni ya jicho. Halafu akasema wiki ijayo wataikwangua yote, chuma kionekane kama kilivyokuwa siku ya vita. Nikamwambia kutu itakila. Akasema wanayo dawa ya kutu. Nikamwambia wageni wamezoea kijani. Akanitazama kama watu wanavyowatazama wazee, akaniomba nikakae kivulini.

Nawe umeniandikia kwamba siku ya uzinduzi utakuja, na kwamba safari hii hutaishia mnarani kupitisha kidole juu ya jina lake kama ulivyofanya miaka yote. Utapanda mpaka ngomeni, magoti yatake yasitake. Ndiyo sababu naandika leo. Nataka barua itangulie kufika kwako kabla wewe hujafika huku.

Unakumbuka Chiriku alivyokuwa akibisha anapochelewa kurudi nyumbani? Mara mbili, kimya, mara moja. Nilimfundisha mimi, ili nimfungulie bila baba kuamka. Wewe ulikuwa chumba cha pili, ukisikia yote, na asubuhi ulimdai peremende ndipo ufunge mdomo wako.

Mliambiwa aliangukia katika handaki la chini. Hivyo ndivyo taarifa ilivyosema, na hivyo ndivyo ilivyochongwa mnarani. Taarifa ile niliiandika mimi. Si kweli.

Mchana ule adui alipolivunja handaki la chini, waliosalia walikimbilia juu. Ndani ya ngome tulikuwa kumi na tisa, na komeo lilikuwa mkononi mwangu. Risasi zilipiga ukuta kama mvua ya mawe. Ndipo mtu akabisha kwa kitako cha bunduki: mara mbili, kimya, mara moja. Sajenti alikuwa ametukataza kumfungulia yeyote, lakini alinigeukia akaniuliza kama namjua anayebisha vile. Aliniuliza kwa sauti ya mtu aliye tayari kusikia ndiyo. Nilimwambia simjui, huenda ni hila ya adui.

Alibisha mara kumi na moja. Hakuita jina langu. Yule asiyejua kunyamaza hakutoa hata neno. Alijua hodi yake inatosha.

Niliogopa kufa, dada. Nimesoma vitabu vingi nikitafuta sababu iliyo bora zaidi. Nimejaribu hata kujiambia kwamba niliwalinda wale kumi na wanane. Sikuwafikiria hata kidogo.

Kulipotulia nilijitolea kutoka wa kwanza, nikasifiwa ushujaa. Nilimbeba mpaka handaki la chini, nikamlaza pamoja na wenzake. Mama alifariki akinishukuru kwa kumpatia mwanawe kaburi. Lakini mlango ulikuwa umebonyea: vibonyeo viwili pamoja, kimoja pembeni, viwili tena, kimoja tena. Ndivyo nilivyokuja kuomba kazi ya kilimani, na ndiyo kazi ya ile rangi.

Binti yule atavikuta. Atavipigia picha na kuandika kwenye kibao kwamba ni alama za risasi, na hakuna atakayembishia. Ningeweza kujinyamazia tu. Ila duniani tumebaki watu wawili tunaoweza kuzisoma alama zile, na wewe una tabia ya kupitisha kidole.

Sikuombi unisamehe. Wa kuombwa hilo alikuwa nje ya mlango. Ukiona huwezi kunitazama, panda moja kwa moja ngomeni. Binti atakupokea vizuri, nimeshamweleza habari ya magoti yako.

Wabusu wajukuu kwa niaba yangu, na shemeji umwambie bado namdai mchezo mmoja wa karata. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza maisha yake yote kwa nini siwezi kufunga komeo. Wewe pia uliwahi kuniuliza, nikakujibu kwa mzaha kwamba sina cha kuibiwa. Sasa unajua. Kwa hiyo ukija kwangu, tafadhali usibishe hodi. Sukuma tu, uingie.

Ni mimi,
kaka yako