Pembe ya Ng'ombe kwenye Daftari Lako

Mutua,

Kaunti itaanza kuhesabu majeraha ya risasi kama inavyohesabu surua na kipindupindu. Ofisa wa afya alitutangazia hayo Alhamisi, sisi waandishi wa habari wa Garissa. Wataanza na daftari lako la majeruhi wa wodini. Aliliinua tulione, akakuita mtumishi wa mfano. Ofisi yake ndiyo iliyokuondoa wodi ya upasuaji, eti unaipaka kaunti matope. Nilimuuliza kuhusu hilo. Akasema, "Swali linalofuata."

Figo zako zilikuua kabla ya siku hiyo. Wamesubiri ufe ndipo wakusome.

Nakumbuka ulivyowahoji waliowaleta majeruhi. Walizoea kusema ni pembe ya ng'ombe, maana risasi huleta polisi, na polisi huvuruga suluhu ya wazee. Siku moja ulimuuliza mfugaji mmoja kutoka Kotile, kwa upole kabisa, ukimwita ami kwa Kisomali, "Adeer, huyo ng'ombe alipewa bunduki na nani?" Mzee alicheka mpaka akaketi. Kisha akakwambia kweli, nawe ukaandika umri, mahali, silaha. Jina hukuandika kamwe.

Mimi hukunihoji. Nilipomleta kaka yangu Yusuf, paja limechanika, nilisema pembe. Ulilitazama jeraha, ukanitazama mimi, ukaandika pembe. Habari zangu zote za bunduki zilitoka kwenye daftari hilo. Miaka mingi nikiwashutumu wakubwa kwa kuficha, na siku ilipofika kwetu nikaficha. Hukulitaja tena, hata nilipokuja kukuona ukiwa umelazwa. Heri ungenitukana.

Juzi nilimwambia Yusuf kwamba nakwenda kuusahihisha mstari ule wa pembe daftarini. Nikamweleza kuwa jina lake halimo.

"Walaal, ndugu yangu, mtaa mzima wa Waberi nani asiyeujua mguu huu?" akasema.

Anaogopa waliompiga risasi watadhani tumevunja suluhu. Hofu yake ina msingi, sikubishana naye. Nilimwambia tu kwamba wakihesabu bila yeye, watakuwa wamehesabu uongo wangu. Alichukua mkongojo wake akatoka.

Buriani, rafiki yangu. Sina maneno mazuri ya kukupa, nina ahadi moja: mstari ule hautabaki ulivyo. Nimepangiwa Jumanne, saa tatu asubuhi, ofisi ya kumbukumbu. Wanamtaka majeruhi mwenyewe au aliyemleta. Yusuf amesema haji.

Nitakwenda mimi.