Maji Anayokunywa Wankyo

Kijiji kipya, njia ya Kiabakari,
Musoma.
14 Septemba 1975

Mpendwa dada yangu Wankyo,

Pokea salamu kutoka kwa kaka yako. Hujambo wewe, na shemeji Stanislausi, na hao wapwa zangu nisiowajua hata sura? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mama ni mzima wa mwili.

Huku tumeshahamia kijijini. Nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule, na mimi wamenifanya balozi wa nyumba kumi, maana hawakupata mwingine mwenye sauti kubwa na kazi kidogo. Majirani ni wengi, ila wale wetu wa zamani wamepelekwa vijiji vingine. Tangu mke wangu Nyangi afariki nasonga ugali mwenyewe. Ungeuona ungecheka. Mama huula kimya, kwa adabu.

Shida ni huyo Mama. Tulipohama alikataa kufungua mizigo. Akawa analala kando ya vyungu vilivyofungwa kamba, kama mtu anayengoja basi. Alisema hawezi kukaa mahali ambapo wazee wetu waliotangulia hawajaambiwa. Unakumbuka tulikuwaga tunapelekwa kwenye maporomoko ya mto, wazee waambiwe kila mtu yuko wapi.

Basi Jumamosi ya juma lililopita nikampeleka. Njia ya miguu imeota vichaka, naye miguu haimwezi tena, tukaenda kwa mtumbwi wa Burito, yule mtoto wa baba mdogo uliyewahi kumsukuma mtoni akala tope. Anasema hajasahau. Na mimi nilishika kafi, mpaka Burito akaniomba nipumzike, maana tulikuwa tunazunguka palepale katikati ya mafunjo.

Tulipita chini ya mahame yetu. Ukuta wa nyumba umeanguka, kaburi la Nyangi linaonekana toka mtoni. Burito aliacha kupiga kafi bila kuambiwa. Maji yakaturudisha nyuma kidogo.

Maporomoko ni yaleyale, si makubwa ila yana kelele. Nikasimama kufungua mazungumzo kama mkubwa wa mji, na mdomo uliozoea mikutano ukaanza: "Ndugu wananchi." Mama akaniambia kwa Kizanaki nikae chini, hao si wananchi.

Akachukua kibuyu cha maziwa na unga wa ulezi, akawa anamimina kidogo kidogo mtoni, akimtaja mtu mmoja mmoja na maji anayokunywa, maana ndivyo wazee wanavyomtafuta mtu. Yeye na mimi, kisima cha kijiji. Mwanangu Matiko, bomba la Musoma mjini. Alipofika kwako akasita.

"Wankyo anakunywa maji gani?"

Sikujua. Miaka sita uko Tanga, dada, na sikujua. Nikasema ni mto mzuri, mkubwa, wa maji baridi.

"Unaitwaje?"

Nikainama kukunja suruali. Burito naye ghafla akapata kazi kwenye kamba ya mtumbwi.

"Usinidanganye habari za mtoto wangu mbele ya wazee," akasema Mama. "Mimi simwombei mtu hewani."

Akaziba kibuyu, maziwa yako yakiwa ndani, akakaa juu ya jiwe. Akasema hapandi mtumbwi mpaka amalize watoto wake wote. Jua likateremka, na viboko wa pale hawana subira. Nilibembeleza, wapi. Ni Burito aliyemwambia kwamba barua hufika pasipofika mtumbwi, na kwamba kaka mtu ataandika. Mama akaniapisha palepale, ndipo akakubali kupanda.

Sasa amefungua mizigo nusu. Vyungu vipo mekoni, lakini mkeka wake bado umefungwa kamba, na kila asubuhi ananiuliza kama posta wameleta kitu, hata kabla sijatuma barua hii.

Sikulaumu, Wankyo. Na mimi sikuwahi kukuuliza. Niandikie tu maji yenu yanatoka wapi, bombani au kisimani, na yana ladha gani, maana hilo pia atauliza. Au njoo umwambie mwenyewe. Ila mvua zikianza mto utajaa, tusiweze kumrudisha maporomokoni amalize. Na siku ile nilimbeba Mama kumshusha mtumbwini, mimi na goti langu hili. Hakuwa mzito hata kidogo.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wote. Burito anakusalimu, eti safari hii ataogelea. Mungu awalinde, na wazee wajue mlipo.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Silasi Wanzagi